Nukta Saba za Ng'ambo ya Korongo

Tulimzika Mzee Lameki Jumatano mchana. Wasifu ulisomwa na mpwa wake, kijana aliyevaa suti iliyombana mabega. Alitaja shule alizosoma marehemu na watoto aliowaacha, kisha akasema kwamba ndiye aliyeongoza kazi ya kuchora ramani ya rutuba ya udongo katika ardhi iliyomomonyoka ya Ufipa. Sentensi hiyo moja tu, akageuza karatasi. Mimi nilikuwa nimekaa safu ya nne, kati ya wanawake wa jumuiya yake wasionijua, nikajikuta nimenyanyuka nusu kwenye kiti cha plastiki kama mtu aliyeitwa jina. Mama mmoja akanishika mkono akidhani nimezidiwa na kilio. Nikakaa. Tangu siku hiyo sijatulia. Naanza kupika naacha, natoka nje narudi, nafungua kabati na kulifunga bila kuchukua kitu. Mtu akifika umri wangu anatarajiwa awe ameshapatana na ujana wake. Mimi nimepatana na sehemu kubwa, isipokuwa mwaka mmoja, na aliyekuwa bosi wangu mwaka huo ndiye tuliyemfukia. Afadhali niandike.

Nilifika Sumbawanga nikiwa na miaka ishirini na minne, nina stashahada ya kilimo na koti moja jepesi ambalo halikunisaidia kitu. Upepo wa Ufipa haukuwa na mahali pa kugonga ukapungua. Uwanda ule wa juu ni nyasi na mashamba mpaka macho yachoke, na miti ni ya kuhesabu. Nilipanga chumba mtaa wa Katandala kwa Mama Oresta, mjane aliyekaanga maandazi asubuhi na kwenda mazoezi ya kwaya jioni. Kuta za ndani za nyumba yake ziliishia usawa wa milango, na juu yake hewa ilikuwa moja kwa wote, hivyo kikohozi cha mmoja kilikuwa cha nyumba nzima. Ofisi yetu ya mradi, vyumba viwili tulivyopanga mtaa wa Malangali, ilikuwa inavuja, kwa hiyo sampuli za udongo nilizileta kwangu zikauke. Nilizitandaza juu ya magazeti sakafuni, chini ya kitanda, juu ya sanduku la nguo, kila rundo na kikaratasi chake cha namba. Mama Oresta alikuja siku moja na kikombe cha chai, akasimama mlangoni akitafuta pa kukanyaga. "Mwanangu," akasema, "watu wengine huingiza udongo ndani kwa miguu. Wewe unauleta kwa mifuko?" Alicheka mpaka chai ikamwagika, lakini tangu siku hiyo hakufagia chumba changu bila kuniuliza. Usiku nilisikia harufu ya mashamba ya watu nikiwa nimelala, lingine kavu kama chokaa, lingine lenye harufu ya majani yaliyooza, na nikazoea.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Huwezi kuchimba kila hatua ya nchi ili ujue wapi pamechoka na wapi bado pana nguvu. Mzee Lameki alichukua picha ya setilaiti, akaigawa miraba, na kila pembe ya mraba akaweka nukta yenye tarakimu zake. Mimi nilipewa pikipiki, ndoo, chuma cha kuchimbia na kifaa cha GPS cha mkononi. Nilitakiwa nifike kwenye nukta, nisubiri kifaa kishike setilaiti, nichimbe mara tano kuzunguka pale kwa kina cha shubiri moja, nichanganye udongo kwenye ndoo, nijaze mfuko, niandike namba. Maabara ingepima uchachu, mboji, naitrojeni na fosforasi. Kompyuta ingechukua majibu hayo, ikakisia yaliyo katikati ya nukta na nukta, kisha ikapaka rangi: kijani penye rutuba, njano pa wastani, nyekundu palipokufa. "Kompyuta haijawahi kwenda shambani," Mzee Lameki aliniambia siku ya kwanza. "Itaamini utakachoiambia wewe. Nukta ikiangukia kwenye miiba, ingia kwenye miiba." Alikuwa mrefu, mkimya, na alikuwa na tabia ya kuokota bonge la udongo popote aliposimama na kulivunjavunja kati ya vidole huku akizungumza mambo mengine. Nilimheshimu, lakini nilimwona mzito. Mimi nilitaka kila kitu kiende haraka. Sikumbuki mwaka ule kukaa kwenye kiti mpaka chai ikaisha.

Kijiji chetu kikuu cha kazi kilikuwa upande wa mashariki, mwendo wa saa moja kwa pikipiki, na katikati yake lilipita korongo. Hakuna aliyekubaliana na mwenzake lilianza lini. Mzee Desderi, kaka yake Mama Oresta na mjumbe wa kamati ya ardhi ya kijiji, aliniambia kwamba akiwa kijana aliliruka kwa mguu mmoja. Nilipofika mimi, gari lingeweza kutumbukia ndani yake lisionekane. Lilikuwa limekula nusu ya shamba alilorithi, shamba alilolilima kama Wafipa wanavyojua kulima, kwa matuta ya duara yanayoitwa ntumba, ambayo ndani yake nyasi hufukiwa zioze ziwe mbolea. Alinionyesha ukingoni tuta moja lililokatika katikati, nusu limesimama, nusu limekwenda. "Hili nililifukia nyasi mwenyewe," akasema. "Nimelisha maji." Ng'ambo ya korongo waliishi wafugaji, familia chache za Kisukuma zilizokuja na ng'ombe wao kutoka kaskazini, na Mzee Desderi hakuwa na shaka kwamba kwato za ng'ombe hao ndizo zilizofungua ardhi. Kijiji kilikuwa kimeamua kwamba ramani ikitoka, palipo nyekundu pangefungwa miaka kadhaa, pasilimwe wala kulishwa, ardhi ipumzike. Uamuzi huo haukuwa mbaya. Leo nikiulizwa ningesema hivyo hivyo. Ila ulitegemea nyekundu iwe nyekundu kweli.

Siku ninayoizungumzia ilikuwa mwishoni mwa kiangazi, mawingu yameanza kujikusanya na mvua bado. Nilikuwa nimebakiza nukta saba, zote ng'ambo ya korongo. Ilikuwa pia siku ya mwisho ya kutuma fomu zangu za kuomba nafasi ya masomo nje ya nchi, na duka la intaneti mjini lilifungwa saa kumi na mbili jioni. Nilifika ukingoni saa nane na nusu. Kuvuka maana yake ilikuwa kuacha pikipiki, kushuka kwenye genge na ndoo, kupanda upande wa pili, kisha kutembea miraba yote ile kwa mguu. Nikapiga hesabu, nikaona giza litanikuta huko. Nikakaa juu ya ndoo. Nakumbuka vizuri kwamba sikukaa muda mrefu. Laiti ningekaa muda mrefu, pengine ningejionea aibu. Nilichimba pale pale ukingoni, kwenye udongo mweupe uliooshwa na mvua za miaka, nikajaza mifuko saba kutoka shimo moja. Tarakimu za nukta nilizinakili kutoka kwenye orodha ya ofisini. Vikaratasi nikaviandika kwa mwandiko mzuri kuliko siku zote. Saa kumi na moja nilikuwa mjini, na fomu zikaenda.

Mwezi wa kwanza majibu ya maabara yalirudi. Mzee Lameki aliniita kwenye kompyuta, umeme ukiwa umerudi muda huo huo, na akanionyesha ramani inavyojipaka yenyewe kidogo kidogo kutoka juu kwenda chini. Upande wa Mzee Desderi ulitoka njano na vipande vya kijani. Ng'ambo ya korongo ilitoka nyekundu, nyekundu moja iliyotulia, kama kitambaa. "Tazama zinavyofanana," alisema akigusa kioo. "Nukta saba, kama ndugu wa tumbo moja. Nimefanya kazi hii miaka mingi, sijaona mteremko uliokufa sawasawa namna hii." Nilisema, "Ndiyo, Mzee." Akaokota bonge la udongo lililokuwa juu ya meza, akalivunja, akalitazama. Baadaye katika maisha nimejiuliza mara nyingi kama alinishuku siku hiyo. Sikuwahi kumuuliza, na sasa hakuna wa kuuliza.

Mvua zilipokolea alinituma kuhakiki. Ramani ya namna ile haiaminiwi mpaka mtu aende kuangalia kwa macho kama mazao yanakubaliana na rangi. Kwenye nyekundu nilitarajiwa kukuta mahindi mafupi, ya njano. Safari hii nilivuka korongo. Nilipanda upande wa pili nikiwa na matope mpaka magotini, nikainua uso, na mahindi yakanizidi kimo. Yalikuwa kijani iliyokaribia weusi, majani mapana, yanapigana na upepo kwa kelele. Nilisimama katikati yake kifaa mkononi, kikaniambia kwamba nimesimama juu ya nukta ya tatu kati ya zile saba. Niliinama nikachimba kwa vidole. Udongo ulikuwa mweusi, mlaini, wenye harufu ya zizi. "Unatafuta nini?" sauti ikaniuliza. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mrefu, na kanga yake ilikuwa imefungwa kwa kamba ya katani kiunoni. Nikamwambia natoka mradi wa udongo. "Basi karibu ule kwanza," akasema, "udongo hauendi popote." Hivyo ndivyo nilivyomjua Mama Minza.

Nyumba yake ilikuwa ya tofali mbichi, imeezekwa bati, na mlango wa mbao uliochongwa vizuri kuliko nyumba yenyewe. Ndani mlikuwa na vigoda vitatu, mtungi, na kibuyu cha maziwa kilichoning'inia ukutani. Alinipa ugali na maziwa mgando, kisha matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, ambavyo huwezi kuvila kwa haraka hata ukitaka. Mume wake, Masanja, aliingia, akanisalimu kwa kuinamisha kofia, akakaa mbali kidogo. Nilimuuliza wanatia nini shambani. Mama Minza ndiye aliyejibu: kila mwaka wanahamisha zizi hatua chache, na palipokuwa zizi wanalima. "Ng'ombe akilala mahali miezi sita, mahindi hapo yanakula miaka minne," akasema. Masanja akauliza, taratibu, akitazama kifaa changu, "Na hiyo mashine inasemaje?" Nikamwambia mashine haisemi mpaka ofisini. Akaitikia kwa kichwa kwa heshima kubwa, kama mtu aliyeambiwa jambo la kanisani. Nilipofika mjini nikajaza fomu ya uhakiki. Penye neno "hali ya mazao" niliandika "hafifu". Nilikuwa bado nina ladha ya maziwa yake mdomoni. Uongo wa kwanza niliufanya kwa haraka. Huu wa pili niliufanya nimekaa mezani, kalamu nzuri, hakuna aliyenikimbiza.

Mzee Lameki akaipeleka ramani kwa kamati ya kijiji, na kuanzia hapo sikuwa na raha. Niliendesha pikipiki bila kuwa na safari. Nilijitolea kwenda vijiji vya mbali ambavyo si zamu yangu. Mama Oresta alinitengea ugali wa ulezi na samaki wa migebuka, nikala nimesimama, akaniambia, "Kaa, mwanangu, chakula si mwizi." Mwezi wa nne nikapata jibu la fomu zangu: nimekubaliwa, niripoti kabla ya mwezi wa nane, nilete barua ya mapendekezo kutoka kwa msimamizi wangu wa kazi. Nililisoma mara tatu kwenye lile duka la intaneti, nikatoka nje, nikatembea kutoka sokoni mpaka Katandala bila kuhisi miguu. Nilikuwa nimepata mlango wa kutokea. Ningeondoka kabla kijiji hakijakaa kikao, na nyekundu ile ingebaki ya Mzee Lameki na ya kompyuta.

Asubuhi moja ya mwezi wa tano, baridi imeshika mpaka maji ya ndoo yanauma, nilisikia mazungumzo jikoni. Mzee Desderi alikuwa amelala pale ili awahi kituo cha afya. Walizungumza Kifipa na dada yake, lugha ambayo sikuijua, lakini maneno ya Kiswahili yalikuwa yanachomoza humo kama mawe kwenye maji: ramani, kamati, ng'ombe, nyekundu. Kisha Mama Oresta akahamia Kiswahili, kama alivyozoea akikasirika. "Kwa hiyo mmeshawaambia wahame?"

"Tumewaambia kwa mdomo," alijibu Mzee Desderi. "Kikao kitathibitisha tu. Sikufurahi, dada, usidhani nilifurahi. Yule Masanja hakubisha hata neno. Aliuliza kama karatasi imesema hivyo kweli. Nikamwambia imesema. Akakaa chini, akasema, 'Basi sisi ndio tumeiua ardhi.' Mtu mzima, anakaa chini kwenye vumbi."

"Na wewe unaiamini hiyo karatasi?"

"Imepimwa na wataalamu, dada. Yule binti wako humo ndani ndiye aliyepima."

Mafuta ya maandazi yalikuwa yanachemka. Nilikuwa nimekaa kitandani, miguu kati ya marundo ya udongo wa watu wengine, na niliona kabisa kwamba Mama Oresta ameutazama ukuta wa chumba changu, ingawa ukuta ulikuwa kati yetu. "Yeye hakai akala," akasema hatimaye. Nilivaa, nikatoka kupitia mlango wa uani bila kunywa chai, nikaenda Malangali kwa miguu, sikukumbuka hata pikipiki.

Mzee Lameki alikuwa anafungua madirisha. Nilimwambia nikiwa bado mlangoni, kwa sababu nilijua nikiingia nikakaa nitazungumzia mambo mengine. Nilisema shimo moja, mifuko saba. Nilisema na ile fomu ya uhakiki. Alisikiliza akiwa ameshika komeo la dirisha. Akaenda mezani, akatandaza ramani, akachukua kalamu ya risasi na kuzungushia zile nukta, moja moja, bila kuniuliza namba zake.

"Kwa nini unaniambia leo?"

"Wameambiwa wahame, Mzee."

"Nilikuwa nakuandikia barua ya mapendekezo," akasema. Karatasi ilikuwa pale kweli, mistari minne, kwa mwandiko wake wa kulala. Aliitazama, akaikunja mara mbili, akaitia mfukoni mwa shati. "Hiyo siwezi kuimalizia. Unaelewa?" Nikasema naelewa. Nilidhani atanifokea, na nilitamani anifokee. Badala yake aliuliza ndoo iko wapi. "Chukua na jembe. Twende sasa hivi, wewe na mimi."

Tulivuka korongo kabla ya saa sita. Yeye alikuwa na umri wa baba yangu na goti bovu, akashuka genge kwa kukaa na kujiburuta. Kule juu mahindi yalikuwa yameshavunwa, mabua yamelazwa. Nyumba ya Mama Minza ilikuwa imesimama bila bati na bila mlango. Wahamaji huondoka na hivyo, bati na mlango, kwa sababu ukuta unaweza kuujenga popote kwa udongo wa hapo. Jivu la jikoni lilikuwa bado limekaa duara, halijatawanywa na upepo. Jirani aliyekuwa anachunga mbuzi alituambia wameondoka siku nne zilizopita, wameshuka Lyamba, ule ukingo mkubwa wa bonde la Rukwa, wanaelekea upande wa Kaoze. Nilianza kulia. Mzee Lameki akaniambia, bila ukali, "Chimba. Utalia tukimaliza." Tukachimba nukta zote saba, mara tano kila moja, akisubiri kifaa kishike hata pale nilipokuwa na hakika. Kwenye nukta ya mwisho alichukua udongo kiganjani, akaufinya, ukashikamana. Akauweka chini polepole mahali alipoutoa.

Majibu mapya yalibadilisha ramani. Ng'ambo ya korongo ilitoka kijani kwenye mashamba na njano kwenye njia za ng'ombe, na nyekundu ikabaki kamba nyembamba kwenye kingo zenyewe, pande zote mbili, kwa Wafipa na kwa wafugaji sawasawa. Njia za ng'ombe zilikuwa zinaumiza kweli; Mzee Desderi hakukosea kabisa. Lakini mashamba yale hayakuwa yamekufa. Kwenye kikao cha kijiji, mbele ya watu waliojifunga mablanketi kwa baridi, Mzee Lameki alisimama akasema ramani aliyoileta mwanzo ilikuwa na kosa, na kosa la mradi ni lake yeye kiongozi. Alitaka kuendelea. Nikasimama nikasema si lake, ni langu, nikaeleza namna nilivyolifanya. Mwanamke mmoja alicheka kidogo kwa mshangao, akaziba mdomo. Mzee Desderi aliondoa kofia, akaikunja, akauliza, "Sasa wale watu tunawarudishaje?" Alimuuliza Mzee Lameki, akaniuliza mimi, kisha akawageukia wanakamati wenzake. Kamati iliandika barua ya kuwaita warudi. Nikaomba niipeleke mimi. Kazi yangu iliisha mwisho wa mwezi huo, na nafasi ya masomo ikapita. Nilisoma baadaye, miaka mitatu mbele, mahali pengine, na sijawahi kumlaumu mtu kwa miaka hiyo.

Nilishuka Kaoze kwa lori la mahindi. Barabara inakunja na kukunja ukutani mwa Lyamba, na kila kona unavua kitu, koti, kisha sweta, mpaka unafika bondeni ukiwa na jasho, kama umeingia nchi nyingine. Niliulizia siku mbili. Nilimkuta Mama Minza anakandika ukuta wa nyumba mpya, mikono imejaa tope mpaka viwikoni, mlango ule mzuri ukiwa umeegemezwa kwenye gogo ukisubiri fremu. Nilimsalimu, akanitambua, hakuacha kukandika. Nikamwambia niliyokuja kusema: kwamba udongo wao ulikuwa mzuri, kwamba mimi sikuvuka korongo siku ile, kwamba niliandika uongo, kisha nikala kwake, na bado nikaandika uongo tena. Nikamwonyesha barua ya kijiji.

Alichota tope, akalipiga ukutani, akalilainisha kwa kiganja. "Mimi nilijua udongo wangu mzuri," akasema. "Uliniona nimeuliza?"

"Hapana, mama."

"Barua weka hapo, juu ya gogo. Kurudi hatutarudi. Hapa nimeshaanza ukuta, na pale tumeshaambiwa mara moja ondokeni. Mara ya pili siisubiri." Aliendelea na kazi kwa muda, na mimi nikasimama kwenye jua. Kisha akageuka, akanitazama kwa mara ya kwanza usoni. "Ila Masanja anaamini ameua ardhi. Tangu tumefika hapa hataki kufungua shamba. Anapeleka ng'ombe mbali, wasikanyage hapa karibu, wanarudi wamekonda. Wanawe wakilima anawaambia lima kidogo, lima kidogo. Mimi nimemwambia na kumwambia, lakini mimi ni mke wake, sina karatasi. Yuko kule anakonyweshea ng'ombe. Nenda umwambie kwa mdomo wako."

Nilimkuta amekaa kwenye kivuli kidogo cha kichaka, ng'ombe wakinywa. Alivua kofia akanisalimu kama zamani. Nilimwambia. Nilisema yote bila kuruka, na nilipofika kwenye shimo moja na mifuko saba alinyanyua mkono nisimame. Akaita kwa Kisukuma, na wakaja wanawe wawili wakubwa na ndugu yake, kila mmoja na fimbo yake, wakasimama pembeni yake. Masanja alikaa sawasawa juu ya jiwe, akaweka kofia gotini. Macho yake yalikuwa mekundu, sijui kwa vumbi.

"Sema tena," akaniambia. "Tangu mwanzo. Na hawa wasikie."

Nikajifuta jasho, nikawatazama, nikaanza na jina langu.